Mnazi Mmoja Uliotoka Mara Mbili

Vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na msinikatize. Nilitoka Utange kwa sababu mdogo wangu Athumani alileta fundi wa kujenga ukuta kwenye shamba la baba, Likoni, na msingi ulikuwa uchimbwe Jumatano. Kaburi la mama limo mle, halina alama ya kuonekana. Alijuaye ni dada yangu mkubwa, Bi Mwanasha, naye yuko kitandani Magongo, kavunjika nyonga. Tulijaribu kumwonesha shamba kwa video ya simu, kichwa kikamzunguka. Akataka shamba zima kwenye karatasi moja, aweke kidole.

Jumatatu asubuhi nilivuka feri na binti yangu Saumu, mpiga picha za harusi. Alisimama karibu na mnazi uliopinda, akapiga picha saba huku akigeuka, kompyuta ikaziunga zikawa moja ndefu. Tukaichapisha.

Magongo, baada ya adhuhuri, dada alivaa miwani.

"Saumu, mnazi uliopinda ulikuwa mmoja. Huu mwenziwe umezaliwa lini?"

"Mama mkubwa, ni kompyuta hiyo."

"Na kisima kukatwa nusu, ni kompyuta? Siweki kidole hapa. Nikikosea, mtamjengea mama ukuta kifuani."

Tukatoka. Pale uani nilisimamisha kidole mbele ya uso, nikafumba jicho moja, kisha nikalifumbua nikafumba la pili. Kidole kikaruka, mnara wa msikiti nyuma yake umetulia. Nikamwita Saumu.

"Ulipogeuka, kamera uliishika mbele yako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi uliitembeza kama sinia la pilau. Mnazi wa karibu umeutazama kutoka mahali saba."

"Mama, mimi nimesomea picha!"

"Na mnazi umesomea kuzaa pacha?"

Jumanne, Likoni. Nilifunga uzi chini ya lenzi ya kamera, nikaning'iniza kijiwe, nikachora alama ardhini, hatua kumi nyuma ya pale pa jana, mnazi usiwe karibu mno. "Wewe ndiwe wa kuizunguka kamera. Kijiwe kikitoka kwenye alama, unaanza upya." Alianza upya mara nne, akinung'unika. Kompyuta ikaunga: mnazi mmoja, kisima kizima! Nilipiga kigelegele hadi fundi akaangusha kamba yake ya kupimia.

Alasiri, Magongo. Dada alihesabu minazi yote kwanza, hana haraka. Kisha kidole kikashuka baina ya kisima na mnazi uliopinda. "Hapa. Tulimzungushia mawe."

Jumatano, jua halijapanda, tulifyeka nyasi pale. Jembe likagonga jiwe, la pili, la tatu, duara zima. Mstari wa chokaa wa fundi ulipita katikati yake. Athumani alikaa chini. Ukuta ukasogezwa papo hapo.

Nilirudi Utange kifua mbele, wallahi. Nilichojifunza ni kwamba hata aliyesoma yafaa aulizwe amesimama wapi. Jioni ile niliwaita wote wa nyumbani kwangu sebuleni nikawaambia: "Ijumaa hii asibaki mtu hapa. Wote Likoni, na kila mmoja alishike kila jiwe la kaburi la mama yangu kwa mkono wake, alijue bila picha."