Mwisho wa Gari la Mikate

Filamu ile tuliitazama mara nyingi kuliko nyingine yoyote utotoni, lakini mwisho wake hatukuwahi kuuona. Baba, aliyekuwa dereva wa lori kati ya Iringa na Tunduma, alirudi nayo safari moja, ikiwa kwenye kanda. Ilihusu familia ya Kizungu ya waoka mikate iliyoingia kwenye mashindano ya magari na gari lao bovu la kusambazia mikate. Bibi yao alikaa nyuma akiwatupia maandazi waliokuwa wanawafukuza. Dakika za mwisho zilifutika kabla hatujaitazama hata mara moja, siku dada yangu alipopata kipaimara. Mpiga video aliishiwa kanda, mama akampa ile. Tangu hapo, gari la mikate likifika kona ya mwisho, anatokea mchungaji akiwa ameweka mkono juu ya kichwa cha dada.

Kwa hiyo mwisho tulisimuliwa na baba, siku alizokuwa nyumbani. Gari linakatika breki kwenye mteremko, linaingia kwenye jiko la mama mmoja mzee, ukuta unaanguka, yule mama anatoka na kikombe cha togwa anampa dereva. Tulicheka zaidi hapo kwenye togwa, Wazungu kunywa togwa. Tukimwuliza kama walishinda, alisema mashindano yaliishia palepale.

Juni hii, shule ninayofundisha Mbeya ilipofunga, nilikwenda nyumbani Kihesa, Iringa. Baba alipata kiharusi mwaka jana. Maneno yamerudi polepole, mkono wa kulia bado. Nilikuwa nimeipata ile filamu mtandaoni, nzima, nikaiweka kwenye kompyuta. Jumapili baada ya ibada tukakaa sebuleni wanne: baba na blanketi lake magotini, mama na ungo wa maharage, dada na mimi.

Sikucheka kama nilivyotarajia. Vichekesho vyenyewe ni vitatu, vinarudiwa. Gari ni dogo kuliko nilivyokumbuka, na bibi, ambaye utotoni nilimwona kikongwe, hajanizidi miaka mingi. Dada alicheka mara mbili, nadhani kwa kutusaidia. Baba alitazama kama mtu anayetazama taarifa ya habari.

Gari lilipofika kwenye kona ya mwisho, baba akanyanyua mkono wa kushoto.

"Simamisha."

Nikasimamisha. Dada akasema, "Baba, zimebaki dakika chache tu. Tuone kama wanashinda."

"Nasimulia mimi."

Akaanza. Mteremko, matope, jiko la yule mama. Alikuwa anatafuta kila neno, sisi tukisubiri. Alisema gari lilijaa majani ya chai, na dada akanitazama, kwa sababu gari la filamu halikuwahi kubeba chai. Kisha akasema, "Nikafungua macho, niko ndani ya jiko la watu."

Mama akaacha kuchambua. "Hiyo ni ajali ya Igowole," alisema. "Mlikuwa wadogo. Breki zilikatika."

"Breki zilikuwa nzima," baba akasema. "Nilisinzia."

"Mimi uliniambia breki."

"Na tajiri mwenye lori nilimwambia breki."

Mama aliokota punje moja ya maharage sakafuni, akairudisha kwenye ungo. Nilimwuliza baba kama kulikuwa na mtu jikoni. Alisema yule mama alikuwa ametoka kuchukua kuni, hilo ndilo lililomwokoa. Aliporudi hakumfokea. Alimpa togwa na kigoda, akamwambia akae anywe kwanza. Baba alimwahidi kurudi na mabati.

"Ulirudi?"

"Sikurudi."

Mama akasimama, akaenda kuinjika maharage. Hakuwa amekasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Baadaye dada aliitazama ile sehemu iliyobaki akiwa peke yake, akaja kuniambia wanashika nafasi ya tatu na kila mtu anakula mkate.

Nilipokuwa narudi Mbeya nilishuka Mafinga nikachukua gari la Igowole. Sikuwa nimemwambia mtu, na sikujua nitasema nini. Nilimwuliza mwenye duka la mbolea kuhusu jiko lililogongwa na lori la chai zamani. Hakuuliza ni kwa nini. Alinielekeza nyumba ya tatu baada ya kanisa.

Nilimkuta mwanamke wa makamo anaanika mahindi. Nilimwambia mimi ni mtoto wa yule dereva wa lori. Akaacha kazi, akanitazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Karibu, karibu! Mama alikuwa anaisimulia hiyo kila sikukuu," alisema. "Eti anarudi na kuni, anakuta lori linapika. Na dereva anamwamkia shikamoo akiwa bado kwenye usukani!"

Mama yake alifariki miaka mingi iliyopita. Nilimwambia baba alisinzia. Akasema hayo mama yake aliyajua, aliona shavu la baba lina alama ya usukani. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza akaniuliza kama nimekula.

Nilikula ugali kwa mboga za maboga, nikampigia baba simu nikiwa bado uani. Nilimweleza yote, pamoja na la shavu.

"Jiko walijenga?" akauliza.

"Walijenga."

"La nini?"

Niligeuka nikaangalia. "Matofali ya kuchoma. Bati jipya."

"Haya," alisema, akampa mama simu.