Nesi Aliniuliza Kama Nakunywa, Nikasema Hapana

Ndugu wasomaji, nimemwomba mwenye ukurasa huu afiche jina langu, kwa sababu hapa ninapoishi, karibu na Mbalizi, watu wanatambuana hata kwa kikohozi. Nina miaka ishirini na minne. Kwetu ni Kilolo, upande wa Iringa. Niliolewa huku Mbeya na kijana wa Kinyakyusa anayefanya kazi kwenye ujenzi wa reli, na nyumbani huja mwisho wa mwezi tu. Mimi naishi na mama mkwe na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye aliachika akarudi kwao. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana miezi sita. Haya ninayoandika yananitia aibu, na atakayenitukana sitamlaumu.

Nilipojifungua sikuiona ile furaha niliyokuwa naisikia kwa wenzangu. Nilikuwa namtazama mwanangu kama mtoto wa jirani niliyeachiwa nimshikie kidogo. Nachambua maharage, machozi yanatoka. Nafua nepi, machozi yanatoka. Mtoto akilala mimi nabaki macho makavu. Mama mkwe alipoona maziwa hayatoki vizuri akaniletea kimpumu, pombe ya ulezi ambayo yeye mwenyewe anaipika na kuiuza. Akaniambia, "Kunywa, mwanangu, ziwa lijae." Wazazi wengi huku hupewa, wala hakuwa na nia mbaya. Ila siku ile nililala usingizi mzuri, na mawazo yote yakanyamaza. Kesho yake sikusubiri kupewa. Ikafika mahali akienda shamba la kijiji mimi nachota mwenyewe mtungini, kisha naongeza maji asijue kuwa imepungua.

Kliniki nilikuwa nakwenda vizuri tu. Pale kuna nesi mmoja, mama mtu mzima. Akishampima mtoto uzito, anamwita mama yake chumba cha ndani, anafunga mlango na kumuuliza hali yake. Hata wajawazito anawauliza. Zamu yangu ilipofika akasema, "Haya maswali nawauliza wote, mama, usiogope. Unalala? Unalia bila kujua unalia nini? Kuna siku umetamani huyu mtoto asingekuwepo? Na pombe je, unakunywa?"

Ndugu zangu, ilikuwa kama mtu ameniangalia ndani ya kifua. Nikajibu, "Hapana, sista." Yote nikasema hapana. Asubuhi ile nilikuwa nimetafuna karanga mbichi njia nzima ili nisinuke. Tulipotoka akawaambia akina mama waliokuwa kwenye benchi, "Mnamwona mwenzenu? Ananyonyesha na pombe hagusi." Wakanitazama kwa heshima. Nikamfunga mtoto mgongoni nikaondoka mbiombio, hata kuaga sikuaga.

Kisha ikaja siku moja ya baridi kali. Mama mkwe alikuwa shambani, wifi amekwenda mtoni kuchota maji. Nilikunywa, nikakaa jikoni kuota moto na mtoto mapajani, usingizi ukanichukua. Nilizinduliwa na kilio ambacho sijawahi kukisikia. Mtoto alikuwa ameteleza, mkono wake mmoja umeingia kwenye makaa. Nilijaribu kusimama, miguu ikanikatalia. Wifi ndiye aliyeingia mbio, akatupa ndoo, akamnyakua na kuuingiza ule mkono kwenye maji.

Mama mkwe akatukuta hivyo, wifi ameshika mtoto, mimi nimeegemea ukuta. Akauliza, "Nani alikuwa na mtoto?"

Nikasema, "Nilimwachia wifi."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Wifi akaendelea kuushika ule mkono ndani ya maji. Mama mkwe akamgeukia: "Ndoa imekushinda, na mtoto wa kaka yako umchome moto!" Jioni ile ile akamwambia afungashe aende kwa mama yake mdogo huko Usangu. Wakati anafunga khanga zake nilimfuata nikamuuliza kwa nini hasemi. Akanijibu taratibu, "Wifi, nimekunusa. Nikisema watakurudisha kwenu, na mtoto atabaki huku bila ziwa. Acha niende mimi." Akambusu mtoto, akaondoka. Nilishindwa hata kumbebea mzigo.

Nilimpeleka mtoto kufungwa kidonda. Nesi alikuwa yule yule. Alipomaliza akafunga mlango, akaniuliza tena yale yale, na safari hii niliangua kilio kabla hajamaliza. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniambia, "Hayo mawazo ni ugonjwa, mama, huwapata waliojifungua. Wengi wamekalia kiti hicho. Nitakusaidia, na utapona. Lakini siwezi kukutibu kwa siri ndani ya nyumba inayopika pombe. Lazima mtu mmoja nyumbani ajue."

Tangu hapo naenda kwake kila wiki. Kuna siku napita bila kunywa, kuna siku nashindwa. Nikimwogesha mtoto, nikifika kwenye lile kovu, naangalia pembeni.

Sasa mume wangu anarudi mwisho wa mwezi huu, na mama mkwe anasema atamweleza alichofanya dada yake ili asikanyage tena pale nyumbani. Nikisema kweli, naweza kufukuzwa na kunyang'anywa mwanangu. Nikikaa kimya, wifi anapoteza kwao kwa ajili yangu, na mimi nabaki na ule mtungi.

Mliowahi kuwa wazazi wachanga, na ninyi akina baba, nipeni mawazo. Nimwambie nani kwanza, na nianzeje? Ila naombeni jambo moja, msiniambie ninyamaze. Hilo najiambia mwenyewe kila siku.