Nyati Aliyekwama Ruaha

Mama alipofariki, baba aliacha kuongea. Hakuwa mgonjwa. Alikula akipewa, aliamka mapema kama kawaida yake, akafungulia ng'ombe wachache waliobaki, kisha akarudi kukaa mlangoni. Nikimpigia simu kutoka Iringa alisema, "Niko, mayu," maana sisi Wasukuma binti tunamwita mayu, yaani mama. Baada ya hapo nilisikia upepo wa Usangu tu, mpaka nikate mwenyewe.

Kaka yangu, anayeuza vipuri vya pikipiki Mbeya, ndiye aliyeleta wazo la kwenda Ruaha.

"Tumtoe pale nyumbani," aliniambia. "Wikiendi moja tu, akaone wanyama. Maisha yake yote amewafukuza, hajawahi kukaa akawatazama."

Nilicheka. Baba alihamia Usangu akiwa kijana, akiswaga ng'ombe wa babu kutoka Usukumani, na kwake simba alikuwa mwizi na tembo mharibifu wa mahindi. Lakini sikuwa na wazo bora. Kaka akampitia Ijumaa kwa gari lake, wakalala kwangu Ipogolo, hapo Iringa, na Jumamosi alfajiri tukaondoka. Idodi, kijiji kilicho njiani kuelekea hifadhini, tulikodi gari la wazi na kijana wa kutuongoza, mpole, mwenye darubini shingoni.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Nyasi zilikuwa zimeisha, miti imebaki vijiti. Mwanzoni baba alinifurahisha. Swala aliwaita mbuzi wasio na mwenyewe. Twiga alimtazama sana, halafu akasema, "Huyu ukimfuga utamjengea zizi la namna gani?" Kaka alicheka mpaka akapiga goti lake. Nilikuwa sijamsikia baba akisema sentensi ndefu hivyo tangu msibani, nikaanza kuamini safari imefanya kazi.

Tulipofika mtoni, mto haukuwepo. Palikuwa na mchanga mpana mweupe, na hapa na pale dimbwi la maji ya kijani. Viboko walikuwa wamebanana kwenye dimbwi moja kama viazi ndani ya sufuria, ngozi zao zimekauka na kupasuka. Harufu ilitufanya tuzibe pua. Kijana akasogeza gari kwenye dimbwi lililofuata, dogo zaidi, na hapo ndipo tulipomwona nyati.

Alikuwa jike. Alikuwa amezama kwenye tope mpaka tumboni, na kilichokuwa kinacheza ni shingo tu. Mkia wake ulikuwa umeshaliwa. Fisi alikuwa amelala kwenye kivuli cha ukingo, hana haraka.

"Huyo hajafa," baba alisema.

"Bado, mzee," kijana akajibu. "Hata jana jioni alikuwa hapo hapo."

"Tangu jana? Na mmemwacha?"

"Hatuingilii, mzee. Mnyama wa porini anaachwa na mambo yake."

"Kwenye gari una kamba?"

"Kamba ipo, lakini siyo ya kazi hiyo."

Baba akashuka. Alishuka kimya, kama mtu anayekwenda kufungua zizi, na alikuwa amekwisha kukanyaga mchanga kabla hatujaelewa. Fisi aliinua kichwa. Kijana akapiga kelele kwa sauti ya chini, kama hilo linawezekana. Kaka akaruka, akamkamata baba kiunoni kwa nyuma.

Sijawahi kuona baba akishikwa na mtu. Alipigana. Alimsukuma mwanawe kwa viwiko, kofia ikaanguka, na kaka akamnyanyua kama gunia la mpunga akamtupia ndani ya gari. Mdomo wake uligonga chuma cha kiti ukapasuka.

"Unataka kufa?" kaka alimwuliza. "Unataka tuzike wawili?"

Baba hakupanda kitini. Alibaki amekaa chini, kati ya miguu yetu, damu inamchirizika kidevuni. Nilimpa ncha ya kanga yangu, hakuishika.

"Mama yenu hakufa usingizini," alisema.

Sisi tulikuwa tumeambiwa hivyo. Alilala vizuri, asubuhi baba akamkuta amekwisha. Msibani kila mtu alisema ni kifo cha raha, na mimi nilijifariji kwa maneno hayo kila nilipokuwa nafunga mlango kulala.

"Lilikuwa tumbo," baba akaendelea. "Maji yalikuwa yamejaa, pikipiki haipiti, simu haina chaji. Nikafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, nikamlaza juu ya godoro. Tulipoingia kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni, magurudumu yakazama. Ng'ombe nao wakazama. Nikaita, nikaita, majirani wote walikuwa wamehamia kwenye mwinuko. Nikambeba mgongoni nikamrudisha ndani. Nikakaa. Siku mbili, ananitazama, na mimi namtazama."

Nyati alitoa sauti, si kubwa, na kijana akageuza uso.

"Ulituficha," kaka alisema.

"Mngefanya nini?"

"Ningekuja."

"Ungepita wapi? Barabara yote ilikuwa maji."

"Ningekuja," kaka alirudia, na safari hii alikuwa analia. Kijana aliwasha gari bila kumuuliza mtu.

Mchana huo tuliwapita tembo wengi na watoto wao. Hakuna aliyemwomba kijana asimame. Tulilala Idodi, tukiwa tumepanga kuingia tena hifadhini Jumapili, lakini asubuhi tulipanga mizigo bila kuulizana. Tulipofika Ipogolo kaka alisema gari lake lina hitilafu, hawezi kulipeleka njia za Usangu. Lilikuwa gari zima. Baba aliliangalia, akaniomba nimsindikize akapande basi. Kaka hakutoka nje kumuaga.

Tangu hapo baba anaongea. Akipiga simu ananieleza kipande kimoja, siku nyingine kingine. Kwamba mama aliomba maji yenye sukari na sukari haikuwepo. Kwamba alikataa taa izimwe. Kwamba siku ya pili aliacha kulalamika, na baba akadhani anapona, akaenda kukamua maziwa ya kumpa. Kuna jioni naiona simu inaita natamani nisipokee. Napokea. Nimegundua hana mwingine wa kumwambia, na mimi pia sina wa kumwambia niliyoyasikia.

Nilijaribu mara moja. Nilikwenda Mbeya nikamwambia kaka kwamba mama alimtaja yeye, aliuliza kama amefika. Nilidhani atataka kujua. Aliinuka, akasimama dirishani amenipa mgongo.

"Usiniambie tena," alisema. "Nakuomba, dada."

Mvua zimekuja na kupita, na wao wawili hawajaonana. Mimi nashuka Usangu peke yangu barabara ikikauka. Baba ananipokea kituoni, anabeba mfuko wangu, na tukiwa njiani ananiuliza wajukuu wake wa Mbeya wamefikia urefu gani. Namwonyesha kwa mkono. Anatazama mkono wangu hapo hewani, halafu tunaendelea kutembea.