Mke wa Kamanthe

Mimi Nduku, kazi yangu ilikuwa kujazia watu fomu. Nilikuwa na meza nje ya ofisi ya kusajili vizazi na vifo, hapa Machakos. Mdomo ninao, sikatai, na mtu akiniletea longolongo namkata. Ndivyo nilivyomkata Kamanthe, mwaka wa tisini na saba, na hadi leo najichukia.

Kamanthe alikuwa mama wa Mwala, mjane, miguu imejaa vumbi. Hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki alifanya walivyofanya akina mama wa Kikamba tangu zamani: alitoa mbuzi akaoa mwanamke mwenzake, iweto, amzalie watoto wa boma lake. Mke huyo aliitwa Ndila. Walikaa miaka kumi na minne, wakilima pamoja, wakichimba maji mtoni kwenye mchanga, wakilea watoto wawili waliopewa majina ya ukoo wa Kamanthe. Wakigombana, aliniambia, ni kwa sababu Ndila alizidisha chumvi kwenye muthokoi.

Halafu malaria ikamshika Ndila, na siku ya tatu akafia hospitalini. Kamanthe akaja mezani kwangu na karatasi ya daktari, anataka kibali cha mazishi. Alitaka jambo moja tu duniani: mke wake azikwe nyumbani kwake, Mwala, jinsi mke anavyozikwa.

Tukafika pale pa kuandika uhusiano wake na marehemu.

"Andika mume," akasema.

Nilicheka. Haki ya Mungu, mama wa watu amefiwa na mimi nikacheka. Nikamwambia kwamba karani wa dirishani, mzee Jeremiah, ni mtu wa kanisa, atamfukuza, na serikali haijui mwanamke mwenye mke. Nikaandika "mama mkwe". Nilijiona mjanja kweli. Akaniuliza kama hiyo ni kweli. Nikamjibu kwa ukali kwamba ofisini hawatafuti ukweli, wanatafuta fomu iliyojaa, na asinicheleweshee watu. Akaweka kidole gumba kwenye wino, akatia sahihi yake.

Alipofika dirishani alimkuta Maundu, kaka yake Ndila, ambaye pia alikuja kutafuta kibali, akamzike dada yake kwao. Jeremiah akasoma fomu, akamuuliza Kamanthe huyo mwanawe aliyemuoa Ndila yuko wapi. Kamanthe hakujua kudanganya. Akasema hana mwana, hajawahi kuwa naye. Maundu akadakia kwamba huyo ni jirani tu, dada yake hakuolewa na mtu. Ndipo Kamanthe akasema yeye ndiye mume. Lakini karatasi yenye kidole chake ilikuwa inasema mengine, na neno la mdomo halishindi karatasi. Maundu akapewa kibali.

Saa ya chakula Jeremiah alikuja mezani kwangu, akaniwekea ile fomu.

"Nduku, mimi mwenyewe nimezaliwa na iweto," akasema. "Ungeandika ukweli, ningempa."

Nilimwomba abadilishe. Akasema mwili umeshatoka, Maundu ameuchukua na gari.

Kamanthe alikuwa bado amesimama karibu na lango, hajui aende wapi. Nikamfuata nikamwambia yote, hata maneno ya Jeremiah, kwa sababu kumficha kungekuwa kumuua mara ya pili. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru angenipiga. Alikitazama kile kidole chake, bado kina wino.

"Kumbe ni mimi niliyemkana," akasema.

Nikamwambia ni mimi, mama, kalamu ilikuwa yangu. Hakunisikia. Aliketi chini pale kwenye changarawe, akamlilia Ndila kwa jina, na watu wa foleni wakaanza kumpa pole kwa kufiwa na binti.