Aliyeulizwa Mara Moja

Habari niliipata sokoni Njombe, asubuhi ya baridi, nikiwa nachagua viazi. Mama anayeniuzia viazi hakuinua hata kichwa. "Yule mpasua mbao wa Kifanya amekufa," alisema. "Kichomi. Wanazika kesho." Nikamwuliza kama ni yule wa kofia. "Mwingine yupi?" akanijibu. "Kifanya ina wapasua mbao wengi, lakini mwenye kelele alikuwa mmoja." Kisha akaniongezea viazi viwili bila mimi kuomba, kama watu wanavyofanya kwa mfiwa. Nilisimama pale na kikapu changu nikifikiri kama nina haki ya kupokea viazi vya msiba, kwa kuwa mimi na marehemu hatukuwa ndugu wala marafiki hasa. Tulifahamiana tu. Nilipomaliza kufikiri, mama alikuwa amekwisha kumhudumia mteja mwingine.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba huwa sitaji majina. Safari hii, hata kama ningelitaja, wengi wenu mngesema mnamjua, na nusu yenu mngesema hamkumpenda. Kazi yake ilikuwa kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemtuma, ilikuwa kusema. Alisema habari ya ardhi, ya kodi, na ya vijana wanaopakiwa kwenye malori kwenda mashamba ya mkonge. Kofia yake ya pama ndiyo iliyompa sifa ya kwanza. Siku moja Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuja kuhutubia watu uwanjani, na tarishi akapita akiwaamuru wanaume wavue kofia. Wote tukavua. Yeye akabaki nayo. Tarishi akamwambia, "Wewe, vua! Huoni mkubwa yuko mbele yako?" Akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka mbele, "Namwona, na yeye pia amevaa. Baridi ya Njombe haichagui kichwa." Bwana Shauri aliyeelewa Kiswahili akacheka kidogo, lakini jumbe wetu aliyesimama kando yake hakucheka, na wiki ile ile marehemu alilala mahabusu kwa kosa ambalo mpaka leo sijasikia likielezwa vizuri.

Lakini sitaki mdhani kwamba aliwaudhi wakubwa peke yao. Pale Makambako, njia panda, malori ya mkonge yalikuwa yakisimama kupakia watu. Marehemu alizoea kupanda nyuma ya lori na kuwauliza wasafiri, "Nani kati yenu ameambiwa atarudi lini?" Wengine walimzomea, wengine walinyamaza, na mara moja walishuka karibu wote, lori likaondoka likiwa jepesi. Sisi tuliosoma tulilisimulia jambo hilo kwa furaha tukinywa chai. Siku chache baadaye mwanamke mmoja alimfuata mpaka shimoni kwake. "Mwanangu amerudi nyumbani kwa maneno yako," alimwambia. "Kodi wanaitaka kwangu. Maneno yako yatailipa?"  Marehemu akamchukua yule kijana, akamweka juu ya gogo, mahali pazuri, yeye mwenyewe akashuka shimoni ambako unga wa mbao humwangukia mtu machoni na kifuani kutwa nzima. Walipasua pamoja mpaka kodi ikatimia, na hata baadaye, kwa sababu kijana aliipenda kazi. Yule mama hakumsamehe upesi, lakini aliacha kumtukana. Nadhani marehemu alistahili vyote viwili, kutukanwa na kuachwa kutukanwa.

Basi ilipotangazwa kwamba tutachagua mjumbe wetu wa baraza kwa kura, jina lake lilianza kutajwa, na mabishano yakaanza. Yalikuwa mabishano ya kweli. Waliompinga hawakuwa wapumbavu wote. Walisema mtu wa ugomvi hawezi kukaa mezani, kwamba akifungua kinywa Bwana Shauri atafunga masikio, na kwamba watu wanaweza kumfuata mtu barabarani bila kutaka awasemee barazani. Mimi nilikuwa na hoja yangu, niliyoitengeneza kwa siku nyingi. Nilisema mbwa anayelinda uani akiingizwa ndani alale karibu na moto, usiku mwizi atapita. Yaani abaki nje, aendelee kubweka. Niliiona hoja hiyo kuwa ya heshima kwake. Mama mmoja wa chama chetu cha siasa, mwenye kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, huko Makambako, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, umesoma mpaka Uganda, ukarudi kumwita mtu mzima mbwa." Watu wakaangua kicheko. Nilieleza kwamba ulikuwa mfano tu. "Na mimi nacheka mfano tu," alisema, akanijazia kikombe.

Hapa inanipasa nieleze jambo ambalo msomaji wa Njombe analijua tangu utotoni, lakini wa mbali huenda halijui. Kwetu huku, mtu mwenye adabu hakubali mara ya kwanza. Ukikaribishwa chakula, unasema umeshiba, hata kama umetembea kutoka Ipelele bila kutia kitu mdomoni. Ukipewa kikombe cha ulanzi, unasema, "Anza wewe." Mwenyeji naye anajua, na kazi yake ni kukuuliza tena, na tena, mpaka ukubali kama mtu aliyeshindwa nguvu. Ndivyo ilivyo kwa kiti cha ukubwa pia. Anayekidaka mara moja ni mlafi. Na mwenyeji anayeuliza mara moja kisha akaondoa sahani, huyo hana jina zuri katika lugha yoyote ya hapa, si Kibena, si Kikinga, si Kipangwa. Marehemu alijulikana kwa kutojali adabu hiyo. Alikaribishwa, alikula. Aliulizwa, alijibu. Wazee walimlaumu kwa hilo kuliko kwa kofia.

Mkutano wa kupendekeza majina ulifanyika Makambako, katika chumba cha chama, mvua ikipiga mabati hata tukalazimika kupaza sauti. Mwenyekiti alikuwa mkulima mwenye ng'ombe wengi, mzee wa kanisa, mtu mpole asiyependa shari. Alianza na mpasua mbao, akasema, "Jina lako limetajwa na watu wa Kifanya. Wewe mwenyewe unasemaje?" Tulijiandaa kwa hotuba. Badala yake marehemu alisimama polepole, akavua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla ya siku ile; kilikuwa na upara katikati, chekundu kidogo mahali kofia ilipokaza. Akasema kwa sauti ndogo tuliyoisikia kwa shida, "Wazee wangu, mimi ni nani? Wapo wakubwa wanaofaa. Hapana."

 Mwenyekiti akamtazama, na naapa niliona usoni mwake furaha ya mtu aliyefunguliwa mzigo. "Basi," alisema. "Amekataa mwenyewe. Ahsante, kaa. Tuendelee."

"Mzee, mwulizeni tena!" Alikuwa yule mama wa kilabu, kutoka benchi la nyuma.

"Mama, mtu amesema hapana."

"Kila mtu husema hapana! Mwulizeni tena."

"Huyu?" mwenyekiti akasema, akitutazama sisi wote. "Tangu lini huyu akazungusha maneno? Siku zote hutuambia neno lake ni moja." Tukacheka. Ndiyo, tukacheka, Walutheri kwa Wakatoliki, waliosoma na wasiosoma, na kicheko ndicho kilichoufunga mlango. Likaitwa jina la pili, la mwenye duka mmoja wa Njombe. Akakataa. Akaulizwa tena, akakataa akishika kifua. Akaulizwa tena, akainamisha kichwa, na watu wakapiga makofi kwa adabu yake. Marehemu naye alipiga makofi, kofia ikiwa gotini.

Tulipotoka tulisimama chini ya upenu kungoja mvua ipungue, nikajikuta kando yake.  Yeye ndiye aliyeanza. "Mwalimu," aliniuliza, "nilikosea maneno?" Nilimwambia hapana, maneno yalikuwa sawa kabisa. Akatikisa kichwa kama fundi aliyeambiwa kipimo chake ni sahihi lakini mlango haufungi. Akavaa kofia, akaingia mvuani. Mwenye duka alichaguliwa bila shida. Barazani amekuwa mtulivu sana. Malori bado yanasimama njia panda, na nyuma yake hapandi mtu kuuliza kitu.

Nilikwenda mazikoni. Kifanya ilikuwa na ukungu mzito hata waombolezaji walikuwa wakitambuana kwa sauti za salamu, "Kamwene, kamwene," kabla ya kuonana sura. Jeneza lilikuwa la mbao alizopasua mwenyewe na yule kijana wa lori, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ndevu. Nilimkuta mjane jikoni, amezungukwa na wanawake, nikampa pole. Akanishika mkono kwa muda. "Wewe ulikuwapo Makambako," alisema. Nikasema nilikuwapo. "Tulifanya mazoezi hapa hapa, penye mafiga haya. Mimi nilikuwa mwenyekiti." Alitabasamu kidogo. "Nilimwambia, baba watoto, wanasema huna adabu, basi safari hii waoneshe. Mara ya kwanza ukatae. Mara ya pili unyamaze. Mara ya tatu ushukuru. Ile ya kushukuru ilimpa shida, alikuwa akiirukia mapema, nami namrudisha mwanzo. Tulicheka sana." Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Walimwuliza mara ngapi?" Nilimwambia. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakaacha kumenya.

Kaburini mwenyekiti alitoa salamu za chama. Alisema marehemu alikuwa mchapakazi, jambo la kweli. Kisha akasema hakuwa mtu wa tamaa. "Tulimpa nafasi ya ukubwa," alisema, "akaikataa kwa kinywa chake, mbele yetu sote. Vijana, igeni unyenyekevu huo." Watu wakaitikia kwa sauti za chini, kwa heshima. Nilimtazama mjane, alikuwa akitazama udongo. Mwenyekiti akaniita, "Mwalimu, msomi wetu, hebu utuambie neno." Nikasema, kama nilivyolelewa, kwamba wapo wakubwa zangu. "Hapana, mwalimu, sogea." Nikasema sikujiandaa. "Sogea, mwanangu, tunakuomba." Hapo ndipo nilipohesabu. Nilikuwa nimebembelezwa mpaka mara ya tatu, mbele ya jeneza lake, kwa ajili ya maneno ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Nilisogea. Nilikuwa na sentensi nyingi kichwani, zote nzuri, zote zikitafuta njia ya kupita pembeni. Iliyotoka ni moja. "Alikataa kwa adabu yetu," nilisema, "na sisi tulimwuliza mara moja tu."  Mwenyekiti alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili kana kwamba imekuwa nzito. Ndipo sauti ya yule mama wa kilabu ilipotoka ukunguni nyuma yetu, imechoka, haina hasira. "Basi mwulizeni tena."

Wasomaji wangu, sijui kama marehemu angekuwa mjumbe mzuri. Nimelifikiria kwa siku nyingi na bado sijui. Huenda angegombana na baraza zima kabla ya chai. Huenda kweli angetulizwa na kiti, kama nilivyodai kwa ule mfano wangu wa aibu. Hilo lilikuwa swali la wapiga kura, nao hawakuulizwa, kwa sababu sisi wachache tuliokuwa ndani tulipata njia ya kulimaliza bila kuonekana tumelimaliza. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulimlaumu mtu miaka mingi kwamba hana adabu, na siku alipokuja nayo, ameifanyia mazoezi jikoni na mkewe kama mtoto anayejifunza sala, tukaitumia kumtoa nje. Tunajiandaa, kila mtu anasema, kujitawala wenyewe. Yatakuja majina mengine ya watu wasumbufu, wenye kelele, waliokwisha kulala mahabusu, na baadhi yao hatutawataka. Tuwakatae waziwazi, kwa hoja, wakisikia. Lakini tukiwaita na kuwauliza, tuwaulize kama tunavyowauliza tunaowapenda. Nililowaza njiani nikirudi Njombe, ukungu ukiwa bado haujainuka, ni kwamba yule mtu alituheshimu kuliko tulivyostahili. Alisema hapana akiamini kwamba tutauliza tena.