Mbuya Mono: Salamu Iliyowachekesha Wahispania

Nakumbuka siku moja, na tarehe yake ninayo: Jumanne, tarehe 14 Agosti 1973. Nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa, mwanangu, na mtu aliyechelewa kuishika kalamu haachi tarehe ipotee. Umeniambia kwamba umekabidhiwa kazi ya kuwavuta Wahispania wengi zaidi waje kuizuru nchi yetu, na kwamba meza yako imejaa picha za simba na twiga. Ni picha nzuri. Lakini niazime sikio nikueleze jinsi mimi nilivyowafukuza Wahispania wa kwanza waliofika Tabaka, huku Kisii, na jinsi mvua ilivyowarudisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilizaliwa Nyakoe, nikaolewa Tabaka, kwenye kilima ambacho jembe likipita chini ya migomba hugonga jiwe laini linalochongeka kwa kisu. Marehemu mume wangu, Nyakundi, alikuwa mchongaji. Katika nyumba kumi na nane za kikundi chetu cha wachongaji, mimi peke yangu nilikuwa na cheti cha darasa la saba, nilichokipata mwaka 1971 nikiwa mama wa watoto wawili. Nilikitia fremu, nikakitundika mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kukiona. Usicheke. Haya, cheka kidogo.

Mwezi wa Juni tulipata habari kwamba mama mmoja wa Uhispania, Bi. Pilar, angepita kwetu. Kazi yake ilikuwa kuwapangia watu wa kwao safari. Watu hao walikuwa wakija Kenya, wanaona wanyama, kisha wanarudi makwao bila kuzungumza na mtu ila mhudumu wa hoteli. Alitafuta mahali kati ya mbuga na ziwa ambapo wangepumzika nusu siku, waone mikono ya watu ikifanya kazi. Kama angepapenda petu, angeleta makundi. Kama asingepapenda, vinyago vyetu vingeendelea kuondoka kwa magunia mikononi mwa wachuuzi, wala tusingejua vimeishia nyumbani kwa nani. Tumaini la nyumba zote kumi na nane lilikuwa katika asubuhi hiyo moja, na mapokezi nikapewa mimi, kwa ajili ya kile cheti.

Niliwafundisha wanawake wetu kwamba wageni wakisema "Jambo," tuitikie kwa pamoja, kwa Ekegusii, lugha yetu, "Mbuya mono!", yaani njema sana. Tulifanya mazoezi siku tatu. Mama mkwe wangu, Kemunto, ambaye hakuwahi kukalia dawati, alisema kwamba kutufundisha salamu ni kumfundisha kuku kuparua.

Gari lilifika saa nne asubuhi. Alishuka Bi. Pilar na wenzake watatu, pamoja na dereva wao Kamau, mtu wa Nairobi aliyekuwa ameokota Kihispania kidogo kwa kuwazungusha wageni.

"Jambo!" wakasema.

"Mbuya mono!" tukaitikia, kilima kikavuma.

Wageni walitazamana, kisha wakaangua kicheko. Bi. Pilar alishika mbavu, akawa anasema, "Mono! Mono!" huku akitunyoshea mkono, mama mmoja baada ya mwingine.

"Wanacheka nini?" nikamwuliza Kamau.

"Aa, madam, usijali. Kwao mono ni tumbili, na tena..."

Sikuingoja hiyo "tena." Mwanangu, wewe hukuwahi kuitwa tumbili. Mimi niliitwa, mwaka 1958, nikichuma chai katika shamba la mzungu, na wakati huo sikuwa na lugha ya kumjibu msimamizi. Sasa nilikuwa nayo. Nikawaambia kwa Kiingereza nilichokisomea kwa jasho kwamba nchi hii ni huru tangu tarehe 12 Desemba 1963, na kwamba waliokuja kututukana warudi walikotoka. Kisha nikavuta turubai, nikafunika vinyago vyote. Bi. Pilar alininyoshea mkono; nikauacha ukining'inia. Wakaingia garini wakaondoka. Mume wangu alibaki ameshika twiga wa jiwe ambaye alikusudia kumpa Bi. Pilar, asijue amweke wapi.

Nilijiona shujaa kwa muda wa saa mbili hivi.

Alasiri ikanyesha ile mvua ya Kisii isiyokosa miadi. Habari ikaja kwamba gari limekwama kwenye mteremko, mbele kidogo ya soko. Mama mkwe alichukua jembe, akawaita wanawake wale wale wa "Mbuya mono," wakaenda na vigogo vya migomba vya kutandika chini ya magurudumu. Mimi nilibaki ndani nikikitazama cheti changu. Walirudi wote pamoja, wageni wamejaa matope hadi magotini, mama mkwe akitangulia na mkoba wa Bi. Pilar kichwani. Gari liliachwa lingoje njia ikauke.

Mama mkwe aliwaketisha, akawapa ndizi mbivu na uji wa wimbi. Kisha akanigeukia mbele yao wote.

"Mwulize dereva alitaka kusema nini ulipomkata kauli."

"Baba, walituita..."

"Sikukuuliza walituitaje. Nimesema mwulize."

Kabla sijafungua kinywa, Kamau alipaliwa na uji kwa kicheko. "Ati Baba? Huyu nyanya ndiye baba yako? Kweli Kisii kuna maajabu!"

"Wewe dereva," mama mkwe akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "nini inakuchekesha?"

"Nyanya, kwa Kiswahili baba ni mwanamume!"

"Na kwetu baba ni mama. Kunywa uji."

Akanirudia kwa Ekegusii, kwa sauti ya chini. "Umeona? Amelicheka neno letu, nami sijafunika chungu."

Mwanangu, ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulikuwa mzito kuuinua. Nikamwomba Kamau amalizie maneno yake ya asubuhi.

"Nilitaka kusema, madam, kwamba mono ni tumbili, na tena ni kitu kizuri, cha kupendeza. Mtoto mzuri wanamwita hivyo, hata nguo. Huyu mama alikuwa anawaambia wenzake: nimesafiri mbali hivi kuja kuitwa tumbili, tena na akina mama wanaopendeza hivi!"

Nilimtafsiria mama mkwe. Akaniambia:

"Kwa hiyo aliyetukanwa ni yeye, akacheka. Na wewe uliyesifiwa, ukafukuza watu."

Nilisimama, nikamnyoshea Bi. Pilar mkono ule ule niliomnyima. Hakuupokea, alinikumbatia, matope yake yote yakahamia kwenye gauni langu la kanisani. Mume wangu aliokota kipande cha jiwe, na kabla njia haijakauka alikuwa amechonga tumbili mdogo mwenye mkia uliopinda upande. Bi. Pilar aliomba achongewe wa pili, ili mmoja abaki kwetu.

Tarehe 12 Februari 1974 alirudi na watu kumi na mmoja. Hata hawajakanyaga chini wakawa wanapiga kelele madirishani, "Mbuya mono!" Walikuja kila mwaka hadi 1979. Twiga wetu wa jiwe hawakuwavutia sana, maana twiga walikuwa wamewaona kila mahali. Kila mmoja alitaka tumbili wake, na alitaka kusalimiwa na wanawake wa Tabaka.

Waliosema "mgeni njoo, mwenyeji apone" hawakusema mgeni ataingia akiwa ameshajua maneno yetu. Basi peleka picha zako Uhispania, mwanangu, simba atawaleta. Lakini atakayewafanya warudi na jirani zao ni mtu aliyecheka pamoja nao. Jifunze maneno yao kabla ya kuwauzia yako. Jeraha lako lina haki yake, nami silidharau. Ila usiliache lijibu kwa niaba yako. Kuuliza si ujinga. Mimi nilisoma miaka saba kujua mahali pa kuweka nukta, na mama ambaye hakusoma hata siku moja ndiye aliyenifundisha kuingoja.

Yule tumbili wa mkia uliopinda ninaye bado, ameketi chini ya cheti changu. Wageni wakiingia humwona yeye kwanza, nami sioni wivu tena.

Nenda, mwanangu. Mungu akuletee wageni wenye kicheko, akupe na masikio ya kuwasikiliza hadi nukta ya mwisho. Mbuya mono.