Birika la Kikombe Kimoja

Nilionja kahawa kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na mitatu, ingawa nilizaliwa na kulelewa kwenye shamba la kahawa. Kwetu Mbozi, upande wa Mbeya, kahawa ilikuwa kitu cha kuchuma, kumenya, kuosha, kuanika na kupeleka kwenye chama cha ushirika. Ndiyo iliyonisomesha, ndiyo iliyoiezeka nyumba yetu bati. Lakini nyumbani tulikunywa chai, na siku majani ya chai yakiisha tulikunywa uji, wala hakuna aliyeona ajabu.

Wakati huo, miaka ya sabini ndiyo kwanza imeanza, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Tosamaganga. Pale misheni alikuwepo fundi mmoja Mtaliano, mtu mzima mwenye mikono mipana kama koleo, kazi yake kutengeneza mashine za kusaga na pampu za maji. Kiswahili alikuwa amejifunzia karakanani kwa Wahehe, nao wengi wao walikuwa wamejifunzia shuleni kama mimi, kwa hiyo kilipofika kwake kilikuwa kimechoka kidogo. Mwezi Mei ikasikika kwamba fundi anarudi kwao moja kwa moja na anauza vitu vyake.

Nilikwenda kutafuta taa ya kandili. Kandili ilikuwa imekwisha chukuliwa. Mezani zilibaki blanketi mbili, saa iliyosimama, misumeno, na kidude cha alumini chenye kiuno chembamba na mdomo mfupi, kirefu kidogo kuliko kiganja changu.

"Hiki nini, fundi?"

"Hiyo? Hiyo mama yangu mdogo," akasema, akacheka mwenyewe. "Keti, mwalimu. Mimi onyesha."

Akakifungua katikati kama mtu anayefungua chupa. Chini akatia maji, juu ya maji akaweka kikombe chenye matundu, ndani yake kahawa ya unga, halafu akakaza kipande cha juu na kukitenga kwenye jiko la mkaa. Tukangoja. Kikaanza kukoroma. Akainua kifuniko ili nione, na kweli, kahawa ilikuwa inapanda yenyewe kutoka chini, nyeusi, yenye povu la rangi ya udongo wa kwetu. Akanimiminia. Ilijaa kikombe kimoja kidogo, basi.

Nilidhani nitatema. Sikutema. Ilikuwa chungu, kisha uchungu ukageuka kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake, na kwa ghafla nikasikia harufu ya vichanja vyetu vya kuanikia kahawa jua likiwa kali, na mikono ya mama. Nikabaki nimekikumbatia kikombe mpaka fundi akaniuliza kama naumwa.

"Kahawa hii ya wapi?" nikamuuliza.

"Mbozi," akasema. "Kahawa nzuri sana. Wewe unajua Mbozi?"

Nikacheka mpaka machozi. Nilipomweleza, naye akacheka, akipiga meza na kurudia, "Mtoto ya Mbozi! Hajui kahawa!"

Sasa ndipo taabu ilipoanza. Nilikitaka kile kidude. Lakini bei aliyoitaja ilikuwa sawa na ya koti la sufu nililokuwa nimelikodolea macho muda mrefu katika duka moja la Iringa mjini, na baridi ya mwezi wa sita Iringa haina mchezo. Koti lingevaliwa miaka. Kidude hiki kingenipa kikombe kimoja. Nani kwetu alipika kitu cha mtu mmoja? Mwalimu mkuu wetu, mpenzi mkubwa wa siasa, nilipomweleza alinitazama kwa masikitiko. "Mwalimu," akasema, "nchi nzima inahimizwa kuishi pamoja, kulima pamoja, wewe unataka chombo cha kunywea peke yako?" Sikujua kama anatania. Nadhani hata yeye hakujua.

Nilirudi kwa fundi siku tatu mfululizo. Nilikifungua, nikakifunga, nikakirudisha mezani. Siku ya tatu akachoka nami.

"Mwalimu, likizo unakwenda kwenu?"

"Naenda."

"Chukua. Pikia mama, pikia baba. Ukirudi, leta chombo au leta pesa. Moja. Lakini sikiliza: usioshe na sabuni. Maji tu. Sabuni inaua kahawa."

Nikakifunga ndani ya kanga, nikapanda basi. Chimala tuliposhuka kula wali, nilikipakata mezani kama mtoto mchanga, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu akaniuliza kama ni dawa.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na jambo lolote jipya lililoingia katika nyumba hizo kumi alilipokea kama ajenda. Alikizungusha kidude mkononi, akachungulia mdomo wake, akapuliza. "Birika," akatangaza. "Ila limedumaa." Kuanzia hapo likawa birika.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikamkuta mama amekwisha lisugua kwa majivu na mchanga, nje na ndani, linang'aa mpaka linaumiza macho. Alikuwa anajivunia kazi yake. Nikamkumbuka fundi na sabuni yake, nikamshukuru mama.

Halafu ikaonekana kwamba katika nyumba yenye miti mia kadhaa ya kahawa, hakukuwa na kahawa ya kunywa. Yote ilikwenda chamani. Mama akafikiri, akaingia stoo, akatoka na kikapu cha zile punje nyepesi na zilizovunjika zinazokataliwa kwenye mizani. Tukazitwanga kidogo kinuni kutoa ganda, tukazipepeta kwa ungo, tukazikaanga kwenye chungu. Zilipoanza kupasuka na moshi kupanda, harufu ikatoka nje ya jiko letu, ikashika njia ya mgombani, ikaenda kuwaita watu. Wa kwanza kufika alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyeishi ng'ambo ya kijito. "Mnachoma nini kizuri hivyo?" Tukamwambia ni kahawa. Hakuamini. Alikuwa amelima kahawa tangu alipoolewa.

Kabla maji hayajatiwa, tulikuwa watu kumi na mmoja jikoni na mlangoni.

Tatizo la kwanza lilikuwa mafiga. Kila nilipolitenga birika, lilipita katikati ya mawe na kutua kwenye majivu, maana mafiga yetu yalizoea sufuria za ukoo mzima. Baba akatoka, akarudi na jembe lisilo na mpini, akalilaza juu ya mawe. Birika likasimama juu ya jembe, dogo, limenyooka, kama mkaguzi wa shule.

Tatizo la pili lilikuwa langu. Nilikuwa nimeitwanga kahawa na kuichekecha ikawa laini kama unga wa ugali, nikidhani ndiyo ufundi. Tukangoja. Badala ya kukoroma, birika likaanza kulia fiii ubavuni, kisha likatoa mvuke kwa hasira. Shangazi akapiga yowe. Baba, balozi wa nyumba kumi, akaruka na kigoda chake akatokea nje. Wote tulikimbia isipokuwa mama, aliyechukua tambara, akaliepua birika, akaliweka chini na kuliambia kwa upole, "Basi, basi, tumekusikia."

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Baba alipokuwa anarudi alijifanya alikwenda kutazama ng'ombe.

Mara ya pili mama ndiye aliyetwanga. Aliacha chenga kubwa kubwa, akasema, "Maji nayo yanahitaji njia ya kupita." Na likakoroma. Kahawa ikapanda, povu likatokea, watu wakasukumana kuona. Nikamimina katika kikombe cha bati, nikampa baba. Baba akanywa funda, akafumba macho, akampa shangazi. Shangazi akampa jirani. Kikombe kikazunguka jiko zima, kila mtu akisema lake. Mmoja alisema ni kama dawa ya tumbo. Mwingine alisema ni kama moshi mtamu. Mzee mmoja alikaa nayo mdomoni muda mrefu, akasema polepole, "Kumbe ndiyo hii Wazungu wanayoifuata huku kote." Kisha wakaanza kubishana kama wanunuzi wa Ulaya wanatupa haki yetu, na baba ikambidi awatulize.

Kikombe kiliporudi kilikuwa kitupu. Mama alikuwa bado anachochea moto, hakuonja.

Baba akasafisha koo. "Sasa mwalimu anataka ushauri: anunue au asinunue. Mimi nasema hivi. Watu kumi na mmoja, kikombe kimoja. Hiki chombo kikikaa hapa, nitasuluhisha ugomvi wake mpaka nife." Watu wakacheka. Shangazi akaunga mkono: afadhali sufuria kubwa, mtu achemshe kahawa ya watu wote. Nikaona wanasema kweli. Sufuria tunazo, na mimi sina koti. Nikalala nimekata shauri: birika linarudi kwa mwenyewe.

Siku ya pili kulipoanza kupambazuka nilisikia mkoromo jikoni. Nikadhani ni paka. Nilipofika mlangoni nikasimama. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha mbele. Sikumbuki kama niliwahi kumwona ameinyoosha miguu yake asubuhi. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, anatazama nje, kule ukungu ulikolala juu ya miti ya kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka. "Njoo uone. Kumbe ni nyekundu ukiiweka kwenye mwanga. Siyo nyeusi."

Nikaketi chini karibu naye. Alikunywa kidogo, akangoja, akanywa tena.

"Nikipika chai," akasema, "namimina vikombe vya watu, changu ndiyo masalia. Ugali hivyo hivyo. Sisemi vibaya, ndivyo mama anavyopika. Lakini kwa hili nimepika, nikatafuta wa kumpa, nikaona limetoa kimoja tu, na mimi ndiye niko hapa." Akacheka kwa sauti ndogo, kama msichana aliyeiba sukari. "Nimejaribu kuona aibu. Imenishinda."

"Ni tamu?"

"Ni chungu. Lakini nimeifanyia kazi miaka yote hii, acha nijue uchungu wake."

Akamaliza, akakiangalia kikombe ndani. "Basi, nimeonja. Lirudishe la watu. Kanunue koti lako."

Hapo nje kukasikika mtu anabisha hodi. Alikuwa jirani, amekuja kuomba shoka. Nikasikia baba akimjibu kutoka uani, na hapo ndipo nilipojua kwamba baba naye alikuwa ameamka na alikuwa ametuona.

"Subiri kidogo," baba alimwambia. "Mama watoto anakunywa kahawa."

Alilisema kama mtu anayesema mkutano haujaisha. Yule jirani akasubiri. Mama akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika kwa kicheko, nikamwona jinsi alivyokuwa kabla mimi sijazaliwa.

Niliondoka Mbozi likizo ilipokwisha, begi langu likiwa jepesi. Fundi aliponiona nakuja mikono mitupu alielewa kabla sijafungua mdomo. Nilimpa pesa yake, akaniuliza nani analo. Nikamwambia. Akauliza kama mama anaosha kwa sabuni.

"Hapana," nikasema, na huo haukuwa uongo.

Baridi ya mwaka ule niliipitisha kwa kuvaa gauni mbili na kujifunga shuka mabegani darasani. Wanafunzi walinicheka, nami nikawafundisha hesabu kwa bidii ili nipate joto.

Mama alilitumia birika lile miaka mingi. Wanawake wenzake walikuja mmoja mmoja, maana akija mgeni alipikiwa kikombe chake mwenyewe kuanzia mwanzo, na ilibidi akae angoje mpaka birika likorome. Kungoja huko ndiko walikokupenda. Shangazi, aliyelipinga kuliko wote, alivuka kijito kila Jumapili akitoka kanisani na kijiko chake cha sukari ndani ya leso. Na mpira unaoziba maungio ya katikati ya birika ulipochakaa, hakukuwa na duka la kuuza mwingine, si Mbeya wala Iringa, nami niliuliza kote. Baba akachukua mpira wa ndani wa baiskeli, akakata duara kwa kisu cha kuchinjia kuku, akajaribu, akakata tena, ulimi umemtoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Ulikaa barabara. Kwa wiki nzima kahawa ilinuka gurudumu. Mama aliinywa yote, na kila asubuhi akimwita baba aje anuse kikombe, wakicheka wawili hao jikoni mpaka mbwa anabweka.